Kikombe Kilichokaa Nusu Saa

Bibi yangu uliye Ngara,

Shangazi Leoncie atakusomea barua hii. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyojifunzia kuandika kule kambini Tanzania, na yeye ataigeuza kwa Kirundi huku akisoma, polepole, kama anavyofanya na Biblia. Nimemwomba asiruke kitu. Nimewapa na wengine waisome, wenzangu wa kwaya hapa Gitega na yeyote wa kanisa letu anayetaka, kwa maana jambo lenyewe lilitokea mbele ya watu, na sioni kuwa ni haki nikuombe radhi sikioni peke yako.

Nimepiga simu mara nyingi. Shangazi husema, "Yuko hapa, ngoja nimpe," halafu nasikia sauti yako kwa mbali: "Mwambie nimelala." Sikasiriki, Bibi. Hata ungeipokea simu, nisingejua pa kuanzia. Unanijua, mdomo wangu ni mzito. Mwalimu wa darasa la mwisho aliwahi kuniandika kwenye orodha ya wasiokuwepo wakati nimekaa mbele yake.

Mama anasema uliondoka kilimani, kijijini kwako, kwa sababu ya uzee. Kanisani wanasema ni maneno ya watu. Mimi najua ni kikombe. Vita havikukutoa pale. Baba na Mama walipokimbia na kwenda kunizalia kambini, wewe ulibaki na jembe lako, ukalala porini siku za risasi na kurudi kulima zilipopoa. Kilichokutoa ni kikombe cha maji ambacho mjukuu wako alikitia dawa mbele ya majirani zako.

Tuliporudi kutoka Tanzania nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na Mama alinileta kwako, karibu na Muyinga, ili yeye atafute maisha Gitega. Nilikaa nawe miaka miwili. Kirundi changu kilikuwa cha kukwaruza na watoto wa kilimani walinicheka, basi nikanyamaza. Wewe hukunilazimisha kusema. Uliniamsha asubuhi, ukanipa kidumu changu kidogo cha njano, tukashuka chemchemi kabla ng'ombe hawajafika kuivuruga. Ulitangulia kwenye utelezi na kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ukijua nitaushika.

Ulinifundisha pia jinsi ya kumpa mgeni kinywaji. Siku moja alikuja fundi wa kuezeka, nami nikamletea maji moja kwa moja. Alikipokea kikombe, akakishika tu. Ulikichukua, ukanywa funda moja, ukamrudishia, naye akanywa yote. Alipokwenda uliniambia, "Mwenye nyumba huanza yeye. Mgeni asiachwe akijiuliza." Nilikuuliza anajiuliza nini. Ulisema, "Watu hufa, mwanangu, na anayekufa lazima atafutiwe aliyemuua."

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Ningekuwa mtoto wa Bujumbura au mzungu mwenye begi, ungenihurumia. Mimi nilijua, na wewe ndiye uliyenifundisha.

Sasa nikueleze safari ile, kwa sababu hukuniuliza na mimi sikukueleza.

Kila kiangazi vijana wa kanisa letu hutembea kwa miguu kutoka Gitega hadi Muyinga kwenye mkutano wa makwaya. Tunalala njiani mara tatu, kila mtu na begi lake mgongoni. Mwaka huu tulikuwa wanane, na mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mitihani ya mwisho. Kiongozi wetu, kaka Désiré, aligawa kazi. Mmoja chakula, mmoja sufuria, mmoja dawa za vidonda. Akanitazama mimi niliyekuwa nyuma. "Na we utakuwa mtu wa maji. We hauongei, hautasahau." Wenzangu walicheka, lakini mimi nilifurahi. Bibi, sijawahi kupewa kazi ambayo watu wanane wanaitegemea.

Niliifanya vizuri. Nilibeba dumu la lita tano, kipande cha kitenge cha kuchujia, chupa ndogo ya dawa ya maji, sirinji isiyo na sindano ya kupimia, na saa ya Mama. Tukifika kwenye maji, hata yawe meupe namna gani, nilikunja kitenge mara nne nikachuja. Yakiwa na tope niliyaacha kwanza yatulie. Halafu dawa, halafu kutikisa, halafu nusu saa ya kungoja. Hiyo nusu saa ndiyo ilikuwa ngumu. Watu wenye kiu walikaa wakinitazama kama nimewafungia mlango, na mimi nikitazama saa ili nisitazame nyuso zao. Jioni, tukipata kuni, tuliyachemsha ya kesho. Hakuna aliyeugua siku ya kwanza.

Siku ya pili, tulipopita Karuzi, jua lilikuwa kali na Bosco, yule wa sauti ya nne, akashindwa kungoja. Aliinama kwenye kijito akanywa kama ndama. Kufika jioni alikuwa anakimbilia migombani kila baada ya dakika kumi. Usiku mzima nilimchanganyia maji na chumvi na sukari. Asubuhi kaka Désiré alitusimamisha mstari.

"Mi nawaambia mara ya mwisho. Hata malaika akikuletea maji, weka dawa kwanza. Hata mama yako mzazi. Kompri?"

"Ego," tukaitikia, ndiyo.

"Na malaika akikasirika?" Bosco aliuliza kutoka kwenye majani alikolala.

"We nyamaza. Tumbo yako iko naongea ya kutosha."

Tulimbebea begi lake siku hiyo. Nami niliyaweka maneno yale kichwani kama amri. Watu wenye mdomo mzito tuko hivyo, Bibi. Tukipewa amri tunaishika kwa mikono miwili, maana kuishika ni rahisi kuliko kuuliza.

Siku ya nne tulifika kwako. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba bibi yangu anakaa kabla ya mji, na kwamba tutapumzika pale. Tulipoteremka njia niliona umefagia uwanja, umeazima mabenchi, na majirani wamekaa, labda kumi, pamoja na Mama Fides wa shamba la jirani. Moyo wangu ulijaa. Nilidhani umewaita kwa furaha ya kuniona nimemaliza shule.

Shangazi ndiye aliyeniambia baadaye, ukiwa umekwisha kuondoka. Tangu masika, mume wa Mama Fides alipokufa siku chache baada ya kunywa kwako, watu walikuwa wameacha kupokea kitu mkononi mwako. Walikusalimu, wakasimama mbali. Jina lile la umurozi, la mtu anayeua watu kwa sumu, lilikuwa linapita nyuma yako njiani. Hukumwambia Mama wala mimi. Ulingoja nije. Uliwaza kwamba wakimwona mjukuu wako, damu yako, mtoto wa kanisa aliyesoma, akinywa kikombe chako mbele yao, watapokea na wao. Mabenchi yale yalikuwa kwa ajili ya hilo.

Ulitoka ndani na kikombe kile cheupe chenye mdomo wa bluu. Maji yalikuwa yametoka mtungini, nje ya kikombe palikuwa na jasho. Ulikunywa funda. Ulinipa kwa mikono miwili na mimi nikapokea kwa mikono miwili. Watu wote walikuwa wananitazama, majirani zako upande mmoja na wenzangu upande mwingine.

Nataka nikuambie nilichowaza, nisipunguze. Sikuwaza sumu hata kidogo. Niliwaza chemchemi, na ng'ombe, na Bosco migombani. Niliwaza kwamba mimi ndiye mtu wa maji, na kwamba nikinywa hivi hivi mbele ya wenzangu, nusu saa zote nilizowangojesha zitakuwa za uongo. Niliona kaka Désiré ananitazama. Nikatoa chupa ya dawa na sirinji mfukoni. Nikatia matone mawili kwenye kikombe chako. Nikakiweka juu ya kigoda, nikatazama saa.

Mkono wako ulikuwa bado umenyooshwa.

Halafu mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Ameweka nini?"

"Dawa ya kuua kilichomo," mtu akajibu.

Mama Fides alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, kama anayejiandaa kwa safari. "Mmeona? Hata damu yake inaogopa."

Hapo, Bibi. Hapo ilitakiwa sentensi moja tu. Ninayo hadi leo, nimeitengeneza kwa Kirundi na Kiswahili na hata Kifaransa: hii ni dawa ya maji, ninatia kila mahali, hata maji ya mama yangu ninatia. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuisema. Ulimi wangu ulilala. Niliinamisha kichwa, na wao wakaona mtu anayeinamisha kichwa kwa sababu anajua jambo.

Waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Mama mmoja alisema ameacha maharage motoni. Mwingine mbuzi. Yule mzee hakutafuta sababu, alichukua fimbo yake tu. Wenzangu hawakuelewa, walidhani ni desturi ya kuaga wageni, wakapunga mikono. Dakika zilikuwa hazijafika kumi na mabenchi yalikuwa wazi.

Wewe hukuondoka. Ulikaa kwenye benchi uliloliazima, ukakitazama kikombe. Tulikitazama wote wawili. Inzi alikuja ukamfukuza, maana hata wakati ule hukutaka mgeni wako anywe maji yaliyotuliwa na inzi. Ilipofika nusu saa uliniuliza:

"Sasa yamepona?"

"Ego, Bibi."

Nikanywa yote. Yalikuwa baridi na yananuka dawa. Ulipokea kikombe, ukaingia nacho ndani, na kutoka hapo hadi tunaondoka uliniuliza habari za mitihani tu.

Tukaenda Muyinga, tukaimba. Wanasema tuliimba vizuri.

Habari zilianza kufika wiki kadhaa baadaye, kupitia kwa Shangazi. Kwenye sherehe ya mahari ya jirani, watu walikunywa pombe ya ndizi kwenye chungu kimoja kama kawaida, wewe ukapewa chupa yako pembeni na mrija wako. Halafu kuna aliyekuja kukwambia kwamba vijana wanaongea vibaya, na kwamba kwa ajili ya amani ni vizuri ukapumzike kwa mwanao. Shangazi alikuja kukuchukua. Mlivuka mpaka wa Kobero, wewe nyuma ya pikipiki umeshika fundo la nguo. Shangazi anasema hukugeuka. Alisema hivyo kunipa moyo, nadhani. Ulikuwa na umri gani ulipoanza kuwa mkimbizi, Bibi? Sisi wote tulikwisha kurudi.

Nilikwenda kwa kaka Désiré nikamweleza yote. Alivuta uzi kwenye mkono wa shati lake. Halafu akasema, "Mi nilisema hata malaika." Akaukata ule uzi. "Kwa bibi yako, ungekunywa tu." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Kama ningekunywa na kuugua, angesema nini? Hata leo hapa nyumbani ninatia dawa kwenye maji ya Mama, na nikitia namwona Mama ananitazama mikono. Sijui kuacha. Bosco angeweza kufa kwa kile kijito. Ninaamini dawa ile ni nzuri, na ninaamini nilikutendea ubaya, na mambo haya mawili hayataki kukaa pamoja kichwani mwangu.

Nilimwambia Mama nataka kwenda kilimani kusema ukweli mbele ya watu. Alikataa. "Ukienda kusema si umurozi, utakuwa umelitamka jina lile kwa sauti kuliko wote. Waache wasahau." Labda ana haki. Lakini wanaosahau watasahau kikombe, au watakusahau wewe?

Nilikwenda Jumapili iliyopita, bila kumuaga Mama. Nilishuka gari Muyinga nikatembea. Nilipita kwako kwanza. Mlango umefungwa kwa waya. Nyuma ya nyumba, mpaka kwenye mteremko, shamba lako limelimwa vizuri, lina maharage yaliyokwisha kupanda juu ya miti yake. Nilifurahi hata, nikadhani Shangazi amemweka mtu wa kukulimia. Halafu nikaenda kanisani.

Baada ya ibada mchungaji alinipa nafasi. Nilikuwa na karatasi, nikaishika kwa mikono miwili. Nilisoma kwa Kirundi changu cha kambini. Nilisema maji ya bibi yangu hayakuwa na kitu. Nilisema nilichotia ni dawa ya maji, na kwamba nilikunywa kikombe chote. Nilisema kosa ni langu na aibu ni yangu. Nilimaliza. Nilikuwa najiandaa kulia, au kuzomewa, au kusamehewa.

Mama Fides alikuwa benchi la tatu. Hakusimama.

"Mtoto, kaa chini," alisema, wala hakusema kwa ukali. "Ile ni dawa ya maji. Watu wa afya walitugawia kila nyumba mwaka ule wa kuhara. Unafikiri sisi hatuijui? Tunaijua hata kwa harufu."

Watu wengine waliitikia kwa vichwa. Mmoja akacheka kidogo, kicheko cha kumhurumia mtoto.

"Mlijua?" nikauliza.

"Siku ile ile."

"Sasa kwa nini mliinuka?"

Alijipepea na kitabu cha nyimbo. "Bibi yako alikuwa amechoka. Mzee, peke yake, na shamba lote lile. Alihitaji kupumzika."

Bibi, sijui kama unaelewa kilichonipata. Nilikuwa nimebeba kosa langu hadi pale kama dumu lililojaa, nikitazama kila hatua lisimwagike, na nilipofika wakaniambia hawakuwa na kiu. Sikujua niliweke wapi. Na bado, niliposimama pale, yale maharage yalinijia machoni, mistari yake iliyonyooka, na nikakumbuka kwamba Shangazi hajawahi kuniambia habari ya mtu wa kukulimia.

"Maharage yaliyoko kwa bibi yangu ni ya nani?"

Nilisema kwa sauti, bila karatasi. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Mchungaji alikohoa. Mama Fides aliacha kujipepea. "Ardhi haikai bure," alisema.

"Ni ya nani?"

Alifunga kitabu cha nyimbo, na watu walianza kukusanya vitu vyao. Safari hii hakuna aliyetaja mbuzi. Walipita pembeni yangu wakiangalia chini, na mimi sikuangalia chini. Nilingoja hadi kanisa likabaki na mimi na mchungaji, naye akaniambia taratibu, "Binti, ulikuja kuomba radhi." Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nitamwomba mwenyewe.

Usifikiri nimejiona sina kosa. Walikuwa wanatafuta sababu ya siku moja, yenye mashahidi, na ni mimi niliyewapa. Nilikuwa na sentensi na sikuisema. Kwa hilo nakuomba radhi, Bibi, mbele ya kila anayesoma hapa, na usipotaka kunisamehe nitaelewa, na simu nitaendelea kupiga.

Lakini kuna jambo naomba unijibu hata kama hutaki kuongea nami. Mwambie Shangazi aandike. Mpaka wa shamba lako upande wa Mama Fides ulikuwa unapita wapi? Nilirudi kuutafuta baada ya kanisa. Minyaa iliyokuwa imepandwa pale imeng'olewa, mashimo yamefukiwa, na maharage yake na yako ni mstari mmoja. Nilitembea juu na chini nikishindwa kujua pa kusimama. Wewe unajua kwa hatua. Nihesabie tangu mlango wa jikoni, kisha uniambie ni nani mwingine kilimani anayepakumbuka na haogopi kusema. Nimemaliza shule, sina kazi bado, nina muda. Na nikirudi kule kudai shamba lako wataniuliza, nami safari hii nataka niwe na la kujibu.

Lala salama huko kwa Shangazi, na usikubali kulala kwenye jamvi kama kitanda kipo.

Ni mimi mjukuu wako, mtoto wa mwanao Elias.